Gari la Kuvuta Mbele na Nyuma

Mwaka ule mvua ya El Niño ilipokataa kukatika, wafanyabiashara wengi wa mtaa wa Majengo walikaa vibarazani wakiilaani barabara. Hellena hakuilaani. Barabara ikiharibika, mchele wa bonde la Rukwa hupanda bei mjini Sumbawanga, na yeye mchele alikuwa nao. Aliununua Ilemba, kule bondeni, wakati wa mavuno, wakulima wakiutoa kwa bei ya kutupa, akaufungia huko huko kwenye stoo ya shemeji yake, akasubiri watu washikwe na njaa ya wali.

Sasa mnunuzi wa Tunduma, bwana Isdori, alikuwa amefika Majengo na lori lake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Atakayemfikishia mchele wa kwanza kabla jua halijazama ndiye atakayefanya naye kazi msimu mzima. Wa pili ajitafutie mteja.

Na wenye mchele bondeni siku hiyo walikuwa wawili tu, Hellena na Gabriel. Wote walikuwa na Landrova za aina moja, na wote walikuwa na mlima mmoja wa kupanda.

Hellena hakuzaliwa na gari. Alianza na ungo wa maharage nje ya soko. Serikali iliporuhusu kila mtu auze anachoweza, wengine bado walikuwa wanapanga foleni kwenye duka la ushirika kwa mazoea, na yeye alikuwa ameshajua bei ya Tunduma na bei ya Mbeya. Landrova aliipata kwenye mnada wa shirika moja la umma lililojifia. Ilikuwa imepauka, viti vyake vimetafunwa na panya. Watu walicheka. Yeye akawajibu, "Rangi sikununua, viti sikununua. Nimenunua fowili." Maana yake magurudumu yote manne kuvuta kwa pamoja, mbele na nyuma, kwa sababu mlima wa Ilemba wakati wa mvua haumtaki mwenye nusu gari.

Asubuhi hiyo walianza kupanda na mzigo kamili. Usukani alishika Christopha, dereva wake wa siku nyingi. Katikati alikaa Basil, mwalimu wa ufundi mjini, aliyekuwa ametoka kumsalimia mama yake. Juu ya magunia alikaa Bundala, mfugaji Msukuma wa Milepa, amejifunika turubai.

Basil alikuwa mtu wa kusoma majarida ya magari yanayoachwa na mapadri, na akishasoma hana breki.

"Mama Hellena, magari haya ya petroli yanapitwa na wakati. Yanakuja magari ya umeme. Mota moja inavuta mbele, nyingine nyuma. Na kuondoka kwake! Ukigusa mguu tu, limeshatoka."

"Kwani hili haliondoki?"

"Hili mpaka injini ipande kwanza, ilie, ndipo nguvu ije. Umeme hausubiri. Nguvu yote iko pale pale unapogusa."

Hellena alifikiri kidogo. "Kama mashine ya kusaga ya umeme. Ya dizeli unazungusha mpaka bega linateguka, inakohoa, ndipo isage. Ya umeme unabonyeza tu."

"Hapo hapo! Sasa weka mashine mbili kama hizo kwenye gari."

"Mwalimu, umeme wenyewe wa mjini unawaka kwa kubembelezwa. Gari litanywa nini?"

"Utafika. Sisemi kesho."

Christopha alicheka peke yake, kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yahamie kwingine. Hellena alikiona kicheko hicho, hakukielewa.

Walipofika kwenye kona ya udongo mwekundu, pale ambapo ukuta wa mlima uko kulia na korongo liko kushoto, gari lilisita. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure.

"Weka fowili," alisema Hellena.

"Nimeweka, mama."

"Kanyaga basi."

Christopha alikanyaga. Injini ililia, tope likaruka hadi kwenye turubai la Bundala, gari likarudi nyuma likakaa mshazari, limeziba njia yote. Hellena alifungua mlango akashuka. Akasimama mbele ya gari, akamwambia Christopha akanyage tena, naye akatazama. Nyuma magurudumu yanachimba kama fuko. Mbele yametulia, hayana hata wazo la kuzunguka.

Alikunja kitenge, akalala kwenye tope, akaingiza kichwa chini ya gari. Pale ambapo propela ya mbele hupita, ule mhimili wa chuma unaopeleka nguvu magurudumu ya mbele, palikuwa na hewa tupu.

Alipotoka alikuwa na tope hadi kwenye nyusi, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Christopha. Propela yangu iko wapi?"

"Mama, madereva wote wa Majengo wanachomoa. Huku juu kwetu ni tambarare. Inakula mafuta bure."

"Mafuta unayookoa mbona sijayaona?"

Christopha alitazama korongo.

"Nimekuuliza iko wapi. Nyumbani kwako?"

"Haiko nyumbani."

"Iko wapi, wewe mtu!"

Hakuhitaji kujibu. Kutoka chini ya kona ilisikika Landrova nyingine ikipanda taratibu, bila kelele za kujitesa, magurudumu yote manne yakiuma udongo. Ilisimama nyuma yao na Gabriel akatoa kichwa dirishani. Alipoona Hellena amesimama na tope usoni, akamtazama Christopha, na Christopha akatazama miguu yake. Hellena aliyaona macho hayo yakikwepana, akaelewa yote kwa mara moja.

"Ya kwake ilikatika," Christopha alinong'ona. "Akaniomba nimwazime. Akanipa na hela ya soda."

"Umemwazima mshindani wangu miguu yangu ya mbele! Siku ya Isdori!"

"Dada Hellena," Gabriel alisema kwa upole wa mtu anayetaka kupita, "haya ya madereva tutayamaliza Majengo. Sogeza kidogo, niwahi."

"Nisogeze kwa kutumia nini? Kwa propela iliyo kwenye gari lako?"

Juu ya magunia Bundala alishindwa kujizuia. "Ng'ombe zangu zinavuta kwa miguu yote minne, wala sijawahi kukuta mguu mmoja umeenda kwa jirani!"

"Nyamaza, Bundala!" Lakini hasira ya Hellena haikuwa ya kumpofusha macho. Alitazama ukuta kulia, korongo kushoto, gari lake lililolala mshazari. Gabriel alikuwa na propela, yeye alikuwa na barabara. Hata baiskeli isingepita.

"Nisikilize, Gabriel. Unafungua propela yangu hapa hapa, unanipa. Usipotaka, tunalala wote hapa, na Isdori anaondoka na lori tupu."

"Nikikupa na mimi ninakwama!"

"Ndiyo. Halafu mimi ninakuvuta kwa kamba."

"Bure?"

Hellena alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hakikuwa kicheko kizuri. "Umepanda na mali yangu kwa bei ya soda, unaniuliza bure? Mchele wako ukifika juu, muuzaji ni mimi. Unaniuzia kwa bei ile uliyonunulia Ilemba. Faida yako ni kwamba hukulala korongoni."

"Dada, huo ni unyang'anyi."

"Shuka uite polisi. Njia ya mguu ipo."

Gabriel aliapa, akapiga usukani, akaitazama mvua iliyokuwa imeanza tena. Kisha akachukua spana.

Basil ndiye aliyeifunga propela chini ya gari la Hellena, amelala kwenye maji. Hellena alimchutamia pembeni, akitazama kila nati.

"Hilo gari lako la umeme, mota yake ya mbele nayo inafungwa kwa nati?"

"Inafungwa."

"Basi dereva ataichomoa."

"Akiichomoa gari lenyewe litajua. Taa itawaka pale mbele ya usukani."

"Litasema?"

"Litasema. Na hakuna petroli ya kunyonya kwa mpira."

Hellena alimgeukia Christopha, aliyekuwa amejikunyata kwenye ukuta wa mlima. "Umesikia? Linakuja gari la kusema. Na linaondoka kwa kugusa tu, nikimwona mwizi kwenye kona nimkute kabla hajatia gia ya pili. Mwalimu, likifika Dar es Salaam usinitumie salamu, nitumie bei."

"Huenda likachelewa, mama."

"Lichelewe. Nimechoka na magari yanayonyamaza."

Basil alitoka chini, akajifuta. Christopha alinyoosha mkono kuelekea mlango wa dereva. Hellena aliuzuia mlango kwa goti.

"Wewe ulishaajiriwa na Gabriel. Kapande kwake."

Basil ndiye aliyeendesha. Alitia gia ndogo, akaachia klachi polepole, na magurudumu ya mbele yakauma. Gari lilijinyoosha, likapanda kona bila kuteleza, na lilipofika kwenye ardhi ngumu wakafunga kamba wakamvuta Gabriel, kidogo kidogo, yeye akiwa usukani na uso umemvimba, Christopha akiwa pembeni yake.

Jua lilikuwa bado halijagusa milima walipoingia Majengo. Isdori alikuwa ameegemea lori lake. Alihesabu Landrova mbili na kamba katikati, akamtazama Hellena aliyekuwa bado na tope kwenye nyusi.

"Sasa wa kwanza ni nani hapa?"

"Wa kwanza mimi, wa pili mimi. Wote wangu."

Isdori alimtazama Gabriel apate kusikia anavyobisha. Gabriel alikuwa anafungua kamba, hakuinua kichwa.

"Pole kwa safari, mama. Naona ilikuwa ngumu. Kaa kwanza unywe chai, unieleze…"

"Chai utakunywa na mkeo," alisema Hellena. "Leta mzani."