Moshi Chini ya Turubai

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Kibondo, mwanangu, na kila ikinijia hofu inanishika upya kana kwamba bado niko kwenye usukani. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana, dereva wa lori, na madereva wakati ule tulihesabika. Nikipita vijijini watoto walikimbia nyuma ya gari wakiunusa moshi kama kitu kitamu. Nami niliupenda. Niliona ndivyo maendeleo yanavyonukia. Usinicheke, hatukuwa na mtu wa kutuambia.

Asubuhi hiyo nilikuwa nampeleka mdogo wangu Nyamwiza mjini Kasulu, alikopata kazi ya ualimu. Nyamwiza alikuwa na pumu tangu utoto. Kifua kikimbana ungemsikia akihema kutoka chumba cha pili. Mama aliniambia, "Mkalishe mbele, karibu nawe." Lakini mbele nilishawaahidi wafanyabiashara wawili wa mjini, watu wazima wenye heshima zao, nikaona haya kuwaambia wahamie nyuma. Nikamwambia, "Panda nyuma tu, dada. Mvua ikija nitawafunika."

Kuna jambo sikumwambia mama. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka, chini ya bodi, pale nyuma wanapokaa abiria, nami nilijua kwa wiki nzima. Nililizungushia kipande cha bati na waya, nikajisemea litafika.

Nyuma walipanda watu kama kumi, akiwemo Mzee Zakaria, mkimbizi wa kutoka Burundi aliyekuwa akilima Mabamba. Njiani mvua ikashika, nikasimama, nikafunga turubai pande zote. Mbele yetu kulikuwa na malori mengine mawili. Barabara ilikuwa tope tupu, kwa hiyo tulipanda mlima tukifuatana kwa gia ya kwanza, moshi mweusi wa wale wa mbele ukituangukia sisi. Mmoja wa wale wafanyabiashara akapandisha kioo. Nikasikia watu wanakohoa nyuma. Nikajiambia ni baridi. Hapana, nisikudanganye: nilijua ni moshi, ila niliogopa kusimama kwenye utelezi, nikaendelea.

Ndipo wakaanza kugonga bodi kwa ngumi, bila kukoma.

Niliposimama nikafungua turubai, moshi ulinipiga usoni. Watu walishuka wameshika vichwa, mmoja akatapika. Nyamwiza alikuwa amelala mapajani mwa Mzee Zakaria, midomo imebadilika rangi, mabega yanapanda na kushuka lakini hewa haiingii. Alinitazama tu. Kusema hakuweza.

Mzee Zakaria hakupaza sauti. "Ulijua kwamba bomba limetoboka?"

"Nilijua, mzee."

"Mimi nilivuka mpaka na wanangu nikiwakimbia watu waliotaka kutuua. Wewe hukutaka kutuua, naamini hivyo. Lakini mwangalie huyu binti, uniambie kwake tofauti iko wapi."

Tulimkalisha kando ya barabara, ameinama mbele, upepo na mvua vikimpiga, nami nimepiga magoti kwenye tope nikihesabu pumzi zake. Ilipoanza kuingia hewa kidogo, wale wafanyabiashara wenyewe walipanda nyuma bila kuombwa. Turubai tuliliondoa, wote wakalowa. Nyamwiza akakaa mbele, madirisha wazi, na kila aliponyamaza niligeuka kuona kama bado anahema.

Hospitalini Kasulu walimchoma sindano, na kufikia alasiri kifua kilianza kulegea. Mganga akanieleza kwamba moshi wa magari huvimbisha njia za hewa, na kwa mwenye pumu njia hizo huweza kujifunga kabisa. Akasema hata mtu mzima wa afya, akiuvuta kila siku, mapafu yake huchakaa taratibu bila yeye kujua. Nyamwiza aliishi, akafundisha. Lakini tangu siku ile alikuwa akikatiza maneno darasani ili avute pumzi, na kuimba kwaya aliacha. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinitesa kuliko lawama. Mimi nami, baada ya miaka yote ile nyuma ya usukani, sasa siwezi kwenda shambani Titye bila kupumzika njiani mara tatu.

Kwa hiyo nikikuona wewe, mwanangu, unaiwasha pikipiki chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto, unaiacha ikiunguruma huku unakunywa chai, roho yangu haitulii. Isukume kwanza mpaka barabarani. Bomba likitoboka, gari lisitoke siku hiyo, hata abiria wakununie. Lori likitoa moshi mweusi mbele yako, usilifuate kwa karibu, liache liende zake. Mtoto akikohoa wiki baada ya wiki, au kifua kikilia anapohema, mpeleke hospitali, na usijifariji kwamba ni vumbi. Na ukisikia mtu anakohoa nyuma yako, simama. Simama hata kama mahali ni pabaya.

Mungu akupe kifua chepesi, wewe na mkeo na watoto wenu. Awape uzee wa kupumua bila kufikiria, na safari zenu zote ziishie nyumbani. Amina.