Mshirika Wangu wa Kakuma

Alhamisi mchana nilikuwa kwenye foleni ya maji hapa Lodwar simu ilipoanza kutetemeka mfukoni. Mji wangu ulikuwa unachomwa. Si huu wa kweli. Ule wa kwenye mchezo wa vita wa mtandaoni, niliouhangaikia miaka na miaka. Askari wangu wote nilikuwa nimewatuma kulinda mji wa mshirika wangu wa Kakuma, kama alivyoniomba asubuhi. Na aliyekuwa akiuchoma wangu ni yeye.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha mitungi pale pale nikatembea hadi darajani, nikageuka, nikarudi, nikaenda tena. Miguu ilikataa kutulia.

Tatizo lilikuwa mbuzi. Mwaka jana nilimtembelea huko kambini, anakouza nguo tangu vita vimtoe Sudan Kusini, naye akanichinjia. Kwetu Waturkana, mtu akikuchinjia ukala, basi: hagusi mifugo yako nawe hugusi yake, hata watu wenu wakipigana. Nilirudi Lodwar nikijua nimepata ndugu. Ndiyo maana nilimwomba amsimamie binti yangu kwenye ubatizo, na ubatizo wenyewe ulikuwa Jumapili ya wiki hiyo hiyo.

Nikampigia.

"Ejok, ndugu yangu! Umeona vile nimekumaliza?"

"Ulinichinjia mbuzi."

"Mbuzi? Mbuzi ilikuwa ya wewe, mgeni wangu. Mji ni ya game. Kila mtu anajua hiyo, kalas, imeisha. Jumapili nakuja na viatu ya mtoto."

Mke wangu alipoona nimesusa chakula alinicheka waziwazi. "Unanunia mtu juu ya simu?"

Nilitaka kucheka naye nikashindwa. Najua mchezo unaruhusu usaliti. Hata mimi huwavizia wageni mle ndani na sijutii hata kidogo. Lakini yeye hakuvizia mgeni. Alijua lango langu halina mlinzi kwa sababu ni yeye aliyewaomba walinzi. Nilijiuliza kama mtu anaweza kuwa na mikono miwili namna hiyo, mmoja wa mchezo na mwingine wa kweli, na huyu ndiye nilikuwa naenda kumkabidhi mwanangu mbele ya Mungu. Niliwaza kumpigia nimwambie asije. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena.

Jumapili alikuja kanisani, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vidogo vyekundu mkononi. Alinikumbatia kwa nguvu. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Padri akauliza nani anamsimamia mtoto huyu. Mke wangu akanipiga kiwiko, nikamkabidhi mtoto ndani ya shuka lake. Alimpokea vizuri, kiganja chini ya kichwa, akamwinamisha juu ya beseni. Padri alikuwa ameshachota maji aliposita, akanitazama, akaniomba kwa upole niachilie shuka.