Shati la Mchimbaji wa Musonoi

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nionapo kijana akiandika majibu ya vipimo kwa haraka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafanya kazi maabara hapa Kolwezi, na nilijiona najua kila kitu.

Mnunuzi wa mawe ya madini alikuwa amechomwa kisu kwenye machimbo ya Musonoi, akafa. Polisi wakaniletea shati la Kabwe, mchimbaji waliyemshuku, lenye madoa ya kahawia. Mkubwa wangu, Tata Ilunga, kama tunavyomwita baba hapa, alikuwa safarini Lubudi. Sikumngoja. Nilidondoshea doa dawa ya kupimia damu pamoja na maji ya oksijeni, yale ya kusafishia vidonda, na rangi ya waridi, dalili ya damu, ikatokea. Nikaandika neno moja: damu.

Kesho yake mama yake Kabwe alinifuata mlangoni pa maabara.

"Mama, mutoto wangu hakuuaka mutu. Banamupiga juu ya karatasi yako."

Polisi walikuwa wakimpiga mwanawe kwa sababu ya neno langu, nami nikamjibu kwamba dawa haisemi uongo. Naona haya hadi leo.

Tata Ilunga aliporudi, aliisoma ile karatasi.

"Ulitia dawa zote mbili pamoja?"

"Ndiyo, tata."

Alichota tope kwenye gunia la mawe ya shaba, akalidondoshea dawa ya kwanza tu. Rangi ya waridi ikatokea kabla hata hajagusa maji ya oksijeni.

"Sasa, hii matope iliua nani?"

Nikalitazama lile tope, nikaelewa. Damu husubiri dawa ya pili ndipo rangi itokee. Shaba inaweza kuitoa rangi hiyo bila kusubiri. Na shati la mchimbaji limejaa shaba.

Tulikwenda polisi siku hiyohiyo kufuta jibu langu. Kipande cha shati kikapelekwa Lubumbashi, wakapima upya: hakuna damu. Kabwe alitoka, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena. Nilimwomba mama yake msamaha. Akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Basi nisikilize. Kipimo cha kwanza husema "huenda", nawe andika huenda. Tia dawa moja, tazama, ndipo utie ya pili. Pima pia sehemu isiyo na doa, ujue kama nguo yenyewe hutoa rangi. Hata ikiwa damu kweli, bado hujui kama ni ya mtu au ya mbuzi, wala ilimwagika lini. Usipokuwa na hakika, sema hujui, hata kama polisi wamesimama mlangoni.

Mungu akulinde katika kazi hii, mwanangu, na asiwepo mama atakayelia kwa sababu ya kalamu yako.