Mimu Zilizofumba Macho

Nichekeni tu, maana hata mimi nikiwa peke yangu hujicheka, lakini siku ile nilitamani sakafu ya ukumbi wa Mzee Khatibu inimeze mimi pamoja na kanzu yangu (ya kuazima, lakini hilo lisiwashughulishe).

Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi karani katika afisi moja hapa mjini. Mkubwa wangu, Mngereza mpole, alikuwa na wazimu wake: akikusanya picha za kurasa kongwe za kwao, zilizoandikwa kwa mkono kabla watu hawajajua kupiga chapa, na saa ya chai kazi yake kutafuta nani kaandika ukurasa upi, ingawa waandishi wenyewe hawakutia majina. Akanambia, "Usitazame herufi zilizopambwa, maana hapo mtu anajua anatazamwa. Tazama zile anazoziandika bila ya kufikiri, mkia unageukia wapi, kitanzi kimezibwa au kimeachwa wazi." Akanionesha g moja yenye mkia wa kujikunja katika kurasa mbili mbalimbali, akasema huyu ni mtu mmoja, na mimi nikaona kweli.

Basi tena, nikawa sishikiki. Kila baraza niliyokaa nilitaka niletewe karatasi niseme nani kaandika, na kwa kuwa sote tulisoma chuoni, kwa Kurani, na kuandika kwa herufi za Kiarabu, nikaihamishia elimu ile kwenye mimu na nuni zetu, na mara nyingi nilipatia, hilo ndilo lililoniponza.

Sasa, nilikuwa nimepeleka posa Jang'ombe kwa huyo Mzee Khatibu, namtaka binti yake Salma, na jibu lilikuwa bado. Bibi yake Salma akaugua, akakataa dawa zote, anataka kombe tu, tena la Maalim Makame wa Bwejuu na si la mwengine (zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akayanywa). Nikaenda kumkagua, nikamkuta kalazwa ukumbini, wageni wamemzunguka, wanawake nyuma ya pazia, na sahani iko juu ya kigoda. Ningalikunywa kahawa yangu nikaenda zangu, leo nisingekuwa na la kuhadithia.

"Huyu ndiye bwana anayejua miandiko," Mzee Khatibu akawaambia wageni, na nilimwona anajivunia, mkwe mtarajiwa huyo.

Bibi akainua kichwa. "Hebu nitazamie, mwanangu. Ni mkono wa Maalim huo?"

Ningejibu naam, yakaisha. Mimi nikaichukua sahani nikaisogeza dirishani, nikaanza kusomesha: tazameni hizi mimu, zote zimefumba macho, vitanzi vimezibwa, na hii herufi ye ya mwisho mkia wake unarudi nyuma, na hizi nukta mbili zimeungana zikawa kistari. Wageni wanatikisa vichwa, na mimi naona raha, mdomo unakwenda wenyewe. "Maalim haandiki hivi," nikasema. "Mwandiko huu nnaujua hata gizani. Huu wa Salma."

Nyuma ya pazia kikaanguka kikombe.

"Mwandiko wa Salma," Mzee Khatibu akasema polepole, "wewe umeuona wapi?"

Lahaula! Niuone wapi, kama si katika vijibarua alivyokuwa akivificha ndani ya kikapu cha mikate ya kumimina anayompelekea shangazi yangu? "Kwenye chupa ya achari, Mzee," nikasema.

"Chupa za achari naandika mimi," akasema Bi Asha, mama yake Salma, kutoka nyuma ya pazia.

Mzee akaagiza chupa iletwe. "Haya, bwana mjuzi, tutazamie." Nikatazama: mimu zimekodoa macho zote. Nikawa sina budi, nikasema, "Siyo huu, Mzee."

Bi Asha naye ikambidi aseme, kwamba Maalim mikono inamtetemeka siku hizi, hashiki kalamu, na yeye ndiye aliyemwambia Salma aandike ili bibi asivunjike moyo. Mzee Khatibu akasimama. Nikajua posa ishakufa, na Salma nshamkosa kwa mdomo wangu mwenyewe, nikataka kulia mbele za watu.

"Kaa kitako, Khatibu," bibi akasema. Akataka sahani, akaiosha kwa maji ya marashi mwenyewe, akanywa yote, akapangusa mdomo kwa upindo wa kanga. "Mpeni mke wake. Kijana ambaye hata uongo wa achari umemshinda, atamdanganya nani?"

Tukaoana Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha. Tangu hapo mtu akinionesha mwandiko akaniuliza wa nani, humwambia macho yangu mabovu. Salma hakunilaumu hata siku moja. Lakini kijibarua cha kwanza alichoniandikia nyumbani kwetu, cha kuniagiza nazi sokoni, mimu zake zilikuwa zimekodoa macho kama za mama yake, na ndivyo aandikavyo hadi leo. Zile zilizofumba ninazo chache tu sandukuni, katika vile vijibarua vya kikapuni, na hajanipa nyengine.