Triplex ya Papa na Pumzi za Solange

Mwenzangu uliyekulia hapa Goma, mtaa wa Mapendo, katika nyumba ya mbao, najua pua yako haijasahau. Mvua ikishinda inapiga mabati, nyumba ilikuwa na harufu yake: mbao zilizolowa, moshi wa makala ya kupikia, samaki wadogo wa sambaza wanaokauka karibu na jiko, na chini ya hayo yote harufu ya ukungu. Viatu vya Papa vya misa vilikaa chini ya kitanda Jumapili hadi Jumapili, vikaota manyoya meupe kama ndevu za mzee. Mama alivipangusa kwa kitambaa chenye ndimu, akavipaka siraje, ile dawa ya kung'arisha viatu, na Papa akaenda kanisani akitembea kama mkubwa wa serikali.

Nyumba zile zilipitisha upepo. Zilisimama juu ya mawe meusi ya volkano, na kati ya ubao na ubao palikuwa na upenyo ambao sisi watoto tuliuita televizyo, maana ukiweka jicho pale ulimwona kila anayepita: chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, zikiwa zimepakia viazi, mama wa jirani akigombana na mkwe wake, kuku wetu akiingia kwa watu. Baridi ya asubuhi nayo ilipita humo humo. Tulilala tumebanana, kila mmoja akivuta blanketi upande wake.

Jumamosi isiyo na mvua ilikuwa siku ya kutoa nyumba nje. Magodoro yote yalibebwa kichwani, yakatandazwa juu ya mawe. Jiwe la volkano likishika jua linabaki na joto, kwa hiyo godoro lilikauka juu na chini pamoja. Valizi zilifunguliwa, nguo zikakung'utwa, vitanda vikasogezwa, na Mama akapita nyuma yavyo na ndoo ya maji ya sabuni. Hapo ndipo mtaa mzima ulipojua nani bado anakojoa kitandani, na kaka zangu wadogo walichekwa mpaka Jumatatu shuleni. Leo ukimwambia kijana atoe godoro nje, atakuuliza kama tunahama.

Papa alikuwa na duka dogo la vitenge kule Mabanga. Alikuwa mtu wa Butembo, na sisi watu wa Butembo tunajulikana: hatupati usingizi mpaka nyumba yetu isifiwe. Mwaka mmoja biashara ilimwendea vizuri, akarudi na chukudu iliyojaa bache, yaani turubai la plastiki, na zile mbao nyembamba pana za triplex. Alipiga bache ukutani kwa ndani, juu yake akagongomea triplex kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, akapaka rangi ya maziwa. Televizyo yetu ikafa siku hiyo. Majirani walikuja kuangalia, wakapapasa kuta, wakasema hii sasa ni kama nyumba ya matofali. Papa alisimama katikati ya chumba, mikono mgongoni, akajifanya hasikii. Nasi tulifurahi kweli, kwa kuwa usiku ule tulilala na joto kwa mara ya kwanza.

Joto lile ndilo lililotudanganya. Mvuke wa maharagwe, nguo mbichi zilizotundikwa ndani, pumzi zetu sote, vyote vilikuwa vinatoka kati ya mbao bila sisi kujua. Sasa vilibaki. Mvua zilipoanza, madoa ya kijani yalitokea chini ya ukuta, nyuma ya kitanda chetu. Mama akayafuta kwa maji ya javele, yale ya kutakasia nguo nyeupe. Yakarudi. Papa akasema ni rangi ya bei rahisi, akanunua nyingine, akapaka juu yake. Yakarudi yakiwa meusi.

Ndipo mdogo wangu Solange akaanza kukohoa. Kwanza asubuhi tu, halafu usiku kucha, kifua kikipiga filimbi, mbavu zikiingia ndani kila akivuta hewa. Nililala naye godoro moja. Nilikuwa naweka mkono mgongoni mwake kuhakikisha kwamba bado unapanda na kushuka, na niliogopa kusinzia. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa, akapata nafuu, akaanguka tena. Papa alisema ni moshi wa mlima, kwani siku hizo Nyiragongo ilikuwa inatoa moshi mwingi. Bibi wa jirani akasema tuombe. Tuliomba, tena sana.

Likizo ilipofika, Solange alipelekwa Kibati kwa mama mkubwa, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mbao tupu, upepo ukiingia mbele na kutokea nyuma. Mama alikwenda kumtazama akamkuta anaruka kamba na wenzake, anakula fufu na mboga za lengalenga na kuomba nyongeza. Akarudi naye nyumbani kwa furaha. Haukupita muda, filimbi ikaanza tena kifuani.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi mbele ya mume wake. Lakini jioni ile alingoja Papa amalize kula, akamwita kwa jina langu, "Papa Masika, Kibati iko karibu na mulima kuliko hapa. Kama ni moshi ya mulima, huyu mutoto angezidiwa kule. Kule alilala muzuri. Kitu yenye inamuumiza iko hapa ndani."

Papa alielewa mara moja anazungumzia nini. "Unataka nibomoe nyumba juu ya kikohozi?"

"Sisemi nyumba. Nasema ile yenye ulipiga ndani."

"Na batu batasema nini?"

"Batu basemaka tu. Bora mutoto akuwe muzima wa kubasikia. Kama hapana, mi ninarudi naye Kibati, na weye ubakie na triplex yako."

Solange alikuwa ameketi juu ya mkeka, mabega yakipanda, akihangaika kuvuta hewa huku akijizuia kukohoa ili Papa asikasirike. Papa alimtazama. Kisha akainuka, akachukua nyundo, akachomoa triplex ya nyuma ya kitanda.

Bache lilikuwa limelowa, linatiririka maji. Mbao zilikuwa zimevaa ukungu mweusi wenye manyoya, toka chini hadi karibu na dirisha, na harufu iliyotoka ilitufanya tuzibe pua. Papa alishika ukuta. Alisema polepole, "Nilipaka rangi juu yake," akarudia tena, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Jumamosi hiyo alivunja yote mchana kweupe, mbele ya wale wale waliokuja kusifu. Wengine walicheka, wakauliza kama duka limefungwa. Papa aliendelea kuchomoa misumari. Solange alipelekwa kushinda kwa jirani, nasi tukafunga vitambaa puani. Mama alikataza ufagio mkavu, akasema vumbi la ukungu likiruka linakwenda moja kwa moja kifuani. Tulifuta kwa vitambaa vyenye maji ya sabuni, tukaacha jua na upepo viingie siku kadhaa, kisha Papa akapaka chokaa. Kitanda hakikugusa ukuta tena. Nguo mbichi hazikulala ndani, chakula kilipikwa nje, sufuria zikiwa na mfuniko, na dirisha lilifunguliwa kila asubuhi, hata meno yakigongana kwa baridi.

Siku hizi Goma imejaa nyumba za durable, za matofali na saruji. Madirisha ya vioo, dari ya plastiki, vigae vinavyong'aa. Tumefunga kila kitu, na siwezi kumlaumu mtu, maana tunaishi kwa hofu na dirisha wazi linakaribisha mwizi. Lakini ninakokaribishwa nanusa ile harufu nyuma ya makabati. Vijana wetu wakiona doa kwanza wanalipiga picha, kisha wanapuliza pafyumu, na kama kuna sherehe wanaleta fundi wa rangi. Ukiwaambia wasogeze kabati na kufungua dirisha, wanakuangalia kama umekuja kuharibu mapambo.

Papa hakupiga tena kitu ukutani. Alizeeka katika nyumba ile yenye baridi, akivaa koti hata mezani, na wageni wakilalamika alikuwa anawaletea blanketi bila maelezo. Tulipomzika, Solange ndiye aliyeongoza nyimbo, kwa sauti pana iliyofika hadi barabarani. Nilimsikiliza nikalia, si kwa sababu ya msiba peke yake. Leo karibu kila baba niliye naye mtaani ana nyumba nzuri kuliko ya Papa, na ninawaombea wasijaribiwe, kwa sababu sioni wengi ambao wangeibomoa fahari yao mbele ya majirani ili mtoto apumue.