Nanga Hapigi kwa Stendi

Mjini walimwita Nanga, na jina hilo hakulipata bure. Wapiga picha wenzake wakienda kupiga mji usiku walibeba stendi za miguu mitatu, utadhani wanahama nyumba. Yeye alibeba kamera tu. Aliegemeza bega ukutani, akabana viwiko mbavuni, akatoa pumzi nusu, akabonyeza. Daraja, maghorofa, muuza magazeti anayefunga kibanda, vyote vilitoka safi kiasi cha kuhesabu vifungo vya shati. Miaka ishirini na miwili hiyo. Na maringo yake, we acha tu.

Kisha picha zikaanza kutoka na ukungu. Kila taa ikawa na mkia. Nanga akalaumu kila kitu isipokuwa Nanga: mara lenzi imeingia unyevu, mara betri imechoka. Mwisho akamgeukia binti yake, aliyekuwa akimfutia vifaa kila Jumapili.

"Umeiangusha, sema!"

"Sijaiangusha, Mama. Haki ya Mungu."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Binti akafungasha virago, akahamia kwa shangazi yake. Wiki ya tatu sasa, hata salamu hakuna.

Jioni moja, giza likiingia, Nanga akaipeleka kamera kwa fundi wake wa siku zote. Fundi akaifungua, akapuliza huku, akachungulia kule, akaifunga. Akasimama mlangoni bila kuegemea kitu, akailenga taa ya barabarani, akabonyeza. Taa ikatoka imetulia tuli, hata nyaya zake zilihesabika.

"Haiwezekani," Nanga akasema. "Hebu lete."

Akajibana ukutani kama kawaida yake. Akabonyeza. Mkia. Akabonyeza tena. Mkia mrefu zaidi.

Fundi hakuitazama picha. Alikuwa anautazama mkono wa kulia wa Nanga.

"Dada, kamera hii nzima," akasema taratibu. "Huu mkono umeanza kutetemeka lini?"

Nanga akauinamia mkono. Kidole gumba kilikuwa kinacheza chenyewe, wala hakikumwomba ruhusa. Aliogopa, tusifichane, mkono ule ndio uliomlisha. Lakini kilichomkata maini ni lile neno alilomtupia mwanawe.

Akatoa simu. Kidole kikalikosa jina la binti mara mbili, mara ya tatu kikampigia muuza gesi.

"Nipigie wewe," akamwambia fundi, akimwonyesha jina kwenye simu. "Mwanangu huyo hapo."

Simu ikaita sana. Hatimaye binti akapokea kwa ubaridi.

"Kamera imepona, Mama?"

Nanga aliishika simu kwa mikono yote miwili, na bado ilikuwa inagongagonga kwenye hereni yake.

"Kamera haikuwa inaumwa, mwanangu."