Tikiti Maji Kwenye Mashine ya CT

Mpiga picha za mionzi wa hospitali, ambaye wenzake walimwita Mama Kipimo, alikuwa na tabia iliyowachosha watu. Picha ikitoka, wengine hutazama picha. Yeye hutazama kwanza mashine imetumia mionzi kiasi gani. Kisha huguna, na mguno wake ulisikika hadi mapokezi.

Aliyemkosesha raha zaidi ni binti mmoja mwenye vijiwe vya figo. Kila maumivu yakimrudia, bibi yake alimleta, naye akapigwa picha kwa mionzi ya kumtosha mtu mzima mnene. Mara moja si neno. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa mwili wa mtoto.

Kosa halikuwa la mtu mmoja. Picha ikiwa na chengachenga, daktari wa picha alifoka. Basi wapiga picha, kwa kuogopa kufokewa, waliongeza mionzi mpaka picha zikang'aa kama za harusi. Ujinga mtupu! Kijiwe hakihitaji kupendeza, kinahitaji kuonekana.

"Daktari, tupunguze nusu," alisema Mama Kipimo.

"Nikikosa kijiwe, mtoto akapoteza figo, bibi yake nitamwambia nini?"

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kesho yake Mama Kipimo aliingia na tikiti maji. Alikuwa amelitoboa, akapenyeza ndani changarawe alizoziosha, akaziba matundu kwa plasta. Alililaza kwenye kitanda cha mashine, akalifunga mkanda.

"Mgonjwa ana mimba?" aliuliza mfagiaji, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Walipiga kwa nusu ya mionzi. Daktari alivuta kiti, akakunja uso, akaanza kuonyesha kwa kidole: hiki, hiki, na hiki kidogo pale pembeni.

"Punguza tena," alisema, naye sasa kapandwa na ari. Walipunguza hadi changarawe ndogo kabisa ikaanza kupotea, wakarudi juu kidogo, wakasimama hapo. Tikiti lilipokatwa, zote zilikuwa pale pale daktari alipoonyesha. Walilila, isipokuwa mfagiaji.

"Mimi sili kilichopigwa mionzi!"

"Mionzi hupita, haikai," alijibu Mama Kipimo huku akitema changarawe.

Haikupita wiki, binti akarudi amejikunja kwa maumivu.

"Huyu mke mwenzangu hajalala," bibi alisema. "Nisaidieni, wanangu."

Walimpiga kwa kiasi kile cha tikiti, picha ikatoka na chengachenga. Mama Kipimo alijua: kijiwe kikikosekana, hakuna atakayethubutu kupunguza tena. Daktari alitazama, akasogea, akatazama tena.

"Kile pale. Kimeshashuka, kitatoka chenyewe. Hatumpasui."

Ndipo Mama Kipimo akageukia kile kiasi cha mionzi. Kilikuwa kidogo kuliko alivyowahi kukiona kwa mtoto huyo. Kule mapokezi, waliozoea mguno, walisikia kigelegele. Bibi, bila kuuliza sababu, akakipokea.